Buko Yangu Mwenye Kutobolaka Serie

Miye serie yenye muntu hakufe pa mwanzo, siiangaliake. Ikianza tu na bijana banapendana, banapeana mauwa, nasemaka na mutoto wangu, "Toa hii, tia ingine." Mapenzi naijua. Niliolewa, nikazaa, nikazika bwana. Kitu sijue ni nani alitia sumu mu kilauri ya muzee tajiri siku ya ndoa ya binti yake. Ile njo inaniamushaka asubui na nguvu.

Na usiseme serie yote iko moja. Hapana. Bya Turki bilinichokesha. Mwanaume anaangalia mwanamuke, mwanamuke anaangalia dirisha, muziki inapita. Siku moja nilibaacha banaangaliana, nikaenda ku mbabula, nikawasha makala, nikasonga bukari, nikarudia: bangali banaangaliana. Bya Korea biko bizuri, nyumba safi, lakini banakulaka mingi, na kama sombe yangu, majani ya muhogo, haiyaivya bado, ile inaniumiza tumbo. Bya Nigeria, muchawi unamujua tangu anaingia ku mulango, juu anavala nyekundu. Sasa unatafuta nini tena? Miye napenda bya Bazungu ba kule kwenye baridi. Hakuna mwenye kucheka. Ni mvua, matope, nyumba kubwa ku bukingo ya ziwa, na maiti. Polisi anaikala, anafikiri, kahawa yake inapola hapa mbele yake. Ile kazi naiheshimu.

Na namna ya kujua muuaji, nitakuambia, juu nimebakamata bengi mbele polisi abakamate. Mwenye kulia wa kwanza, siye, umuache. Mwenye kukimbia, siye, ule anaogopa tu madeni ao bibi yake. Mwenye kuleta chakula ku kilio, anapita anauliza kila muntu kama ameshiba, huyo umuangalie mikono.

Kifransa yangu ni ya soko: kununua nyanya, kukatala bei, kutukana kidogo. Masomo niliachia mapema. Lakini kwenye sisikie maneno, naangaliaka mikono, na mikono ya muntu haijue Kifransa. Yenye kubakia, naitia miye mwenyewe. Mutoto wangu wa mwisho, binti, anatumika ku duka ya fotokopi mu ville, kati ya muji, kule kuko internet ya nguvu. Anavuta serie kule, anaitia mu clé, kale kadude ka kuchomeka ku televizyo, anakuya nayo. Mara ingine namuuliza, "Alisema nini pale?" Ananiambia. Mara ingine ananisikia nahadisia bantu, anasema, "Mama, ule polisi hakuseme vile." Namujibu, "Alipashwa kusema."

Sasa, ili ujue hasira yangu ilitoka wapi, sherti ujue courant ya kwetu, ule umeme, inapitaka namna gani. Balabala yetu banaikata mu mbili. Leo courant iko upande wa kule, kesho iko upande wetu, kesho kutwa inarudia kule. Siku yenye haiko kwako, televizyo inakuwa sawa kabati. Na bamama bengine hata televizyo habana, bana redio tu. Njo maana tulikuwa na desturi. Mi naangalia serie siku yetu, mpaka mwisho. Siku ya kufuata, pale jua inapungua ukali, bamama banakuya pa barza yangu, na miye nabahadisia.

Hakuna mwenye kuya mikono butupu. Mumoja anakuya na sombe ya kuchambua, mwingine na maharagi, na kuko jirani mumoja mwenye kusukaka nywele, ule anakuya na kichwa ya muntu mu magoti. Nahadisia polepole. Nafanya sauti ya polisi, sauti ya bibi tajiri, sauti ya mbwa. Nikifika karibu na mwisho nasimamisha, kila muntu anasema nani aliua na juu ya nini. Hapo njo utamu. Nimeshaona bamama babili banaacha kusalimiana juu ya mupishi wa muzungu mwenye habatamuona mu maisha yabo. Ule musukaji wa nywele, akishika muuaji wake, hamuachilie. Anasuka kwa nguvu mpaka mwenye kichwa analia. Kisha nataja muuaji. Pale, miye ni mufalme. Nimezeeka, mugongo inauma, lakini saa ile hakuna muntu mu balabala mwenye kusikiliziwa sawa miye.

Ikakuwa vile mpaka binti yangu mukubwa akaolewa ng'ambo ya balabala.

Bwana yake ni kijana muzuri, anatumikaka ku mine, ku mugodi, haleweke. Mama yake njo buko yangu. Lupango yao, kiwanja na nyumba, inaangaliana na yangu, mulango kwa mulango. Mwanamuke wa heshima, mwenye kuimba ku kanisa, mwenye kitambaa ya kichwa inasimama yenyewe. Na hana shule yeye pia, tulikuwa sawasawa, sisemi anajua kunipita. Sasa mutoto wangu wa mwisho, juu ya kupenda dada yake, akikuya na serie mupya, anamupatia na yeye copie. Ikitokea siku ile courant iko upande wao, njo ile: bao banaangalia mangaribi ileile, miye nangoyea kesho. Serie yenye nilichagua miye. Kwa mutoto wangu miye.

Kuangalia mbele, ile haikunichoma. Aangalie. Lakini asubui mapema buko anavuka balabala na ndoo yake, anakuya ku robinet ya upande wetu, kwenye bamama bote bako mu mustari banangoyea mayi, anasema, "Bamama, mambo ya ile serie imeisha. Ni muganga." Anafungua robinet. Ndoo inajaa.

Ni muganga. Vile tu. Hahadisie, haseme juu ya nini, hafanye sauti. Anachukua serie muzima, na mvua yake na mbwa yake, anaitupa chini sawa ganda ya ndizi.

Akafanya ile mu serie ya muganga. Akafanya tena mu serie ya mapacha. Mu ile ya tatu, yenye nilikuwa naipenda kupita yote, yenye maiti iko mu frigo ya hoteli, akatobola muuaji mbele miye mwenyewe niangalie. Nilikuwa mu mustari na ndoo yangu. Nilisikia na masikio yangu haya mabili.

Utaniuliza juu ya nini sikumutukana. Weye hauna buko? Buko ni kitu ya kuheshimu kupita moto. Mukwe mwanaume hataangalia mama wa bibi yake mu macho, hatakula mbele yake, bakikutana mu njia anaingia mu majani. Na siye bamama babili, wa bwana na wa bibi, tunapashwa kuongea sawa bantu benye kubeba mayai. Neno moja mubaya ikitoka mu kinywa yangu leo, kesho binti yangu ataikula mu ile lupango pamoja na bukari. Njo nilinyamaza. Nilimeza.

Nilijaribu tu na fumbo. Nilimukuta ku robinet, nikasema, "Mama Buko, kwenu banaonjaka supu ya mwenzabo mbele mwenyewe aionje?"

Akaniinamia na heshima yote. Akasema, "Mama Buko, itakuwa namna gani? Kwetu mbabula inawakaka mbele."

Bamama bakacheka. Na miye nikacheka. Nikabeba ndoo yangu nusu, nikarudia kwangu.

Kisha bamama bakaanza kupungua pa barza. Kwanza mwenye maharagi. Kisha wa sombe. Nikatuma neno kwa musukaji wa nywele, nikamuambia leo nina hadisi. Akapita yeye mwenyewe, akasimama ku mulango wa lupango, haya inamushika. "Mama, usinikasirikie. Nitakuya kusikia nini? Muuaji nimeshamujua ku robinet." Akaenda. Nikaikala na biti byangu butupu. Nilihadisia kuku.

Siku ile nikaapa. Sikulomba Mungu amuvunje muguu, hapana. Nilitaka kitu moja: ule mama, mwenye kupatia bantu mwisho bila kulombwa, siku moja alombe mwisho. Na kinywa yake, pa barza yangu, mbele ya bamama balebale. Na barza yangu ijae tena. Nilijua itachukua muda. Mwanamuke mwenye kuzaa hana haraka.

Na courant yenyewe ikanisaidia.

Ilikuwa muchana, nachagua maharagi. Nikasikia mulipuko ng'ambo, kisha moshi mweusi juu ya mabati. Bantu bakakimbia. Cabine ya upande wa kule, ile kanyumba kenye kugawaka courant, ilipasuka. Hakuna muntu aliumia, Mungu asifiwe, hata kuku. Ila upande wa kule wote ukabakia giza, na bantu ba courant bakakuya, bakaangalia, bakatikisa kichwa, bakaenda.

Nilijifunika kitambaa, nikavuka balabala kumuambia pole. Nilitia uso ya kilio. "Mama Buko, pole. Giza ni mubaya." Akasema, "Ni vile, Mama Buko. Tutafanya nini." Nikashika mukono yake mu mikono yangu mbili. Nikarudia kwangu, nikafunga mulango, nikacheza. Miaka yangu hii, nilicheza na fagio.

Mu siku zile mutoto wangu akaleta serie mupya. Na serie ile, bandugu, sijaonaka ingine sawa ile. Muzee tajiri anafanya ndoa ya binti yake mu nyumba kubwa ku ziwa. Anainua kilauri asalimie bageni, anakunywa, anaanguka. Bote bako pale: bibi yake mudogo mwenye kucha murefu, ndugu yake mwenye deni, muganga, mupishi, na mama yake mukongwe mwenye kuikala mu kiti ya magurudumu, blanketi ku magoti. Polisi ni mwanamuke munene, anatembea polepole, anakula biskuti. Niliangalia yote siku yetu. Pale nilimaliza, nilibakia naangalia televizyo yenye imeshazimika.

Kisha nikaita bamama, mumoja mumoja. Nikabaambia, "Kuyeni. Ule wa ng'ambo hajaiangalia. Nitabahadisia mpaka mwisho. Lakini juu ya mwisho ile, mutafunga kinywa."

Mwenye maharagi akauliza, "Na akituuliza?"

"Mutasema courant ilikata."

Musukaji wa nywele akasema, "Miye alinitobolea ile ya hoteli. Niliacha kichwa ya muntu nusu, juu ya hasira. Mama, hata akinifunga kamba, nitasema courant ilikata."

Bakakuya bote. Nikabahadisia. Bakalia, bakapigana, bakataja mupishi, bakataja ndugu. Pale nilitaja muuaji, mwenye sombe akasimama, sombe yote ikamwangika. Hiyo ilikuwa siku muzuri. Lakini haikuwa kisasi bado. Ilikuwa tu kunoa kisu.

Buko akakuya kwangu ku charge telefone. Njo desturi, mwenye giza anacharge kwa mwenye mwangaza. Nilimupokea sawa bibi ya gavana. Kiti yenye kutakata, kitambaa juu yake, chai, mikate. Tukauliza habari ya batoto, ya mugongo, ya kanisa. Akachovya mukate mu chai. Kisha, bila kuniangalia, akasema, "Banasema kuko serie mupya."

"Aa, Mama Buko, iko. Unataka nikuhadisie, wakati telefone inakunywa courant?"

"Kama hauna kazi."

Nilikuwa na kazi gani? Nikamuhadisia. Sijahadisiaka vile tangu nizaliwe. Nilimupatia ziwa, nilimupatia muziki ya ndoa, kila kucha ya bibi mudogo. Chai yake ikapola. Nikamufikisha pale polisi munene anapanda juu, mu chumba ya kulala, haambie muntu. Kuko kabati. Polisi anameza biskuti, anapangusa mikono, anashika mulango ya kabati, anafungua. Anaona.

Nikanywa chai.

Akasogeza kiti. Kisha akasema, "Anaona?"

"Pale, Mama Buko, courant ilikata."

Akainua macho. Ampuli ya barza ilikuwa inawaka juu ya kichwa yetu, muchana kati, nilisahau kuizimisha ao sikusahau. Akaangalia ampuli. Akaniangalia. Nilikuwa na uso ya mutoto mudogo. Utamuambia buko yako ni mubongo, anadanganya? Hautamuambia. Akakunja kitenge yake, akachukua telefone, akasema, "Courant ya siku hizi."

"Inatesa bantu, Mama Buko."

Akarudia tena. Telefone yake ikakuwa inaisha kila saa, kama inatoboka chini. Kila akikuya, ninaanza mwanzo, juu hadisi haianziake katikati, ile ni kuiharibu. Kila mara natia kitu mupya: siku ile mbwa, siku ingine barua ya ndugu mwenye deni. Na kila mara polisi anapanda, anameza biskuti, anafungua kabati. Hapo courant inakata.

Nikasikia alienda ku robinet. Hakuuliza, ana kiburi yake. Alisema tu mu hewa, "Ile kabati, sijue kulikuwa nini." Mwenye maharagi akasema, "Kwangu courant ilikata." Mwenye sombe, mwenye hata televizyo hana, akasema, "Na kwangu." Musukaji wa nywele akasema, "Ilikata balabala yote, mama. Ilikuwa huruma." Akauliza binti yangu mukubwa, ule kweli hajue kitu, iko mu giza pamoja naye. Akatuma aulize clé kwa mudogo yake. Mudogo akajibu, "Clé iko kwa mama."

Clé ilikuwa mu kifua yangu, ndani ya kitambaa.

Kisha akatuma mutoto wake mwanaume.

Nilikuwa pa barza. Nikasikia miguu, nikaona mukwe wangu, yule kijana wa mine, murefu vile, anasimama ku kona ya nyumba na mugongo yake kwangu. Alikuwa anaangalia ukuta. Binti yangu mukubwa, bibi yake, iko kati yetu, kuku mu mukono.

Mukwe akaambia ukuta, "Ambia mama, mama yangu analala mubaya."

Binti yangu akasema, "Mama, anasema mama yake analala mubaya."

Nilisikia, siko kiziwi, lakini njia ya buko ni ile. Nikasema, "Muulize kama ni malaria."

"Anauliza kama ni malaria."

"Hapana. Ni kabati."

"Anasema ni kabati."

"Kabati gani?"

Pale binti yangu alishindwa, akafunika kinywa na kuku. Mukwe masikini akaambia matofali, "Ile yenye polisi alifungua. Anaamuka anatuuliza siye. Anasema labda ni muntu mwingine mwenye kufa. Anasema labda ni feza. Sasa tuko tunamuambia nini? Ambia mama tunamulomba. Na hii kuku ni yake."

Nikafikiri. Kuku ilikuwa ya mafuta. Na kijana alikuwa analomba ukuta yangu vizuri. Lakini haikuwa yeye nilikuwa namungoyea.

"Muambie kuku nimepokea," nikasema, "kuku haina kosa. Lakini hadisi haiendake na mujumbe. Itamwangika mu njia. Mwenye njala anakuyaka ku chungu yeye mwenyewe, siku bengine nabo bako banakula."

Mukwe akainama kwa ukuta, akaenda. Ile kuku tuliikula na bukari na mutoto wangu wa mwisho. Ilikuwa tamu kupita kuku zote.

Akakuya. Siku ya hadisi, jua imepungua, bamama bote bako, barza imejaa mpaka ku ngazi. Hakubebe telefone. Alibeba beseni ya sombe, sawa bengine. Mutoto wangu akamuletea kile kiti yenye kitambaa. Akakatala na mukono, akavuta kiti kidogo ya mbao, akaikala kati ya mwenye maharagi na musukaji wa nywele, akaanza kuchambua.  Sombe tu inalia, tap, tap.

Nikaanza mwanzo. Bamama bote balikuwa banajua ile hadisi kupita nyimbo ya kanisa, lakini bakasikiliza sawa mara ya kwanza, na pahali pa kuogopa bakaogopa. Bamama ba balabala yetu, Mungu abapatie maisha murefu. Nikafika ku ngazi yenye polisi anapandaka. Nikasimamisha.

"Desturi," nikasema. "Kila muntu ataje wake."

Bakataja bya bongo, bya kudanganya, mumoja mumoja. Mupishi. Ndugu. Muganga. Ikafika kwake.

"Ni bibi mudogo," akasema. "Ule wa kucha. Mwanamuke wa kucha vile hapendi muzee, anapenda nyumba."

Musukaji wa nywele akakohoa. Mwenye kichwa mu magoti yake akasema, "Unanivuta, mama."

Nikasema, "Sawa. Tumesikia." Nikapandisha polisi juu. Akameza biskuti. Akapangusa mikono. Akashika mulango ya kabati.

Na pale, ng'ambo ya balabala, batoto bakapiga kelele. Courant, courant. Balikuwa bamemaliza kutengeneza cabine. Ampuli ku lupango yake ikawaka, redio mu nyumba ingine ikaanza kuimba, na ndani kwake tuliona mwangaza ya televizyo ku dirisha. Bote tukageuka. Kisha bote tukamugeukia yeye.

Niliogopa, nitasema kweli. Akisimama, akivuka, ataangalia mwenyewe mangaribi ile, na kesho ku robinet atakuwa ule wa zamani. Na kulazimisha buko aikale, siwezi. Nikatia mukono mu kifua, nikatosha clé, nikaiweka juu ya magoti yake, pembeni ya sombe.

"Mama Buko, courant yako ile. Mwisho iko hapa ndani. Uende ukaangalie."

Mutoto wangu wa mwisho akanikata na macho. Anaona miye nimekuwa wazimu.

Buko akaangalia clé. Akaangalia ng'ambo, mwangaza yake yote inawaka. Akashika jani moja ya sombe, akalivunja, akalitia mu beseni. Akasema chini, na sauti ya mu kanisa, "Endelea."

"Sikio yangu hii imezeeka, Mama Buko."

"Nasema uendelee. Nakulomba." Kisha, na uchungu yote ya ulimwengu: "Televizyo haijue kufanya ule mbwa."

Nikasimama. Nikaingia mu nyumba. Nikachukua kilauri, nikatia mayi, nikakunywa. Nikatia tena, nikakunywa. Nikanawa uso. Nilikuwa nasikia muntu mumoja pale pa barza anapumua kupita bengine. Nikapangusa mikono polepole sawa ule polisi, nikarudia, nikaikala, nikatengeneza kitenge.

Nikamupatia. Ndani ya kabati kulikuwa bilato, nikasema, biatu bya mwanamuke mukongwe, bimepangwa muzuri. Polisi anatwala kimoja, anakigeuza. Chini kimelika, na kiko na matope ya ziwa. Matope mubichi. Sasa nani mu ile nyumba mwenye hatembeake, mwenye blanketi ku magoti kila siku, mwenye kupelekwa na kiti, na bilato byake bimelika? Bibi mukongwe, nikasema, na nikamuangalia kidogo, siyo mingi, juu ya heshima. Mama ya muntu. Mwenye bote banamuinamia. Mwenye kuikalaka pale, ananyamaza, anatabasamu, na kumbe njo yeye alikuwa anatembea ku nyumba za bantu mbele bengine baamuke.

Bamama bakainamia beseni zabo. Mabega ilikuwa inatikisika. Mwenye maharagi akatosha kitambaa, akajifanya anapangusa jasho.

Buko akachambua jani, akachambua lingine. Akakunja kitenge juu ya magoti.

"Nilijua," akasema. "Tangu mwanzo. Ule mukongwe, nilimuona ile blanketi yake."

Nikamuacha aseme. Bamama bote balisikia alilomba. Nikamumiminia chai mupya, nikamuuliza kama ameshiba, na ng'ambo ya balabala televizyo yake ikaimba yenyewe mu nyumba butupu mpaka jua ikazama.